Tagi za Mvuke: Maswali Yenu na Majibu Kutoka Tanga

Tangu nizitaje tagi, zile meli fupi zinazovuta meli kubwa bandarini, maswali yamekuwa mengi. Haya ni baadhi.

Shikamoo. Kwa nini ndoano ya kamba iko karibu na katikati ya tagi, si tezini, yaani nyuma kabisa? (Ngamiani)

Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo penye utamu wote. Kamba ikifungwa tezini kabisa, mzigo unaishika tezi. Nahodha anazungusha usukani na chombo hakigeuki. Ndoano ikisogezwa mbele, tezi inakuwa huru kuyumba kushoto na kulia. Ndiyo maana sitaha ya nyuma ni ya chini na tupu: kamba inahitaji njia ya kupita, na matao ya chuma huiinua isiwafyeke mabaharia. Hatari yake ni meli inayovutwa kuipita tagi mwendo. Kamba huja ubavuni, ikailaza tagi na kuipindua kabla watu hawajatoka chini. Kwa hiyo ndoano nzuri hufunguka hata kamba ikiwa imekaza. Ukinipeleka kwenye tagi kuukuu, nitaitazama hiyo kabla ya dohani.

Ya kwanza ilikuwa ipi? (Pangani)

Inayotajwa zaidi ni Charlotte Dundas ya William Symington, huko Scotland. Mwaka 1803 ilivuta matishari (mashua bapa za mizigo) mawili ya tani 70 kila moja, karibu kilomita 30, kwenye mfereji wa Forth na Clyde, tena upepo ukiwa wa mbele. Wenye mfereji wakahofia mawimbi yake yatabomoa kingo. Ikawekwa kando, masikini.

Boila lilitumia maji ya bahari? (Chumbageni)

Za mwanzo ndiyo, kwa presha ndogo, na chumvi ikaganda ndani. Baadaye ikaja kondensa ya mabomba: mvuke ukishasukuma pistoni hupozwa ukawa maji, ukarudishwa boilani. Maji ya bahari hupoza tu kupitia kuta za mabomba, hayachanganyiki.

Babu alisimulia tagi za vitani. Ni kweli? (Raskazone)

Kweli. Novemba 1914 Waingereza walipoishambulia Tanga, tagi Helmuth, waliyoiteka kwa Wajerumani, ilitumika kusaka mabomu ya majini hapa hapa bandarini. Na mwaka 1915 manowari Severn na Mersey, zenye kina kifupi zisizofaa bahari kuu, zilivutwa na tagi kutoka Malta, zikapita Suez hadi Mafia. Julai zikaimaliza Königsberg, manowari ya Wajerumani, ndani ya Rufiji. Sifa wakapewa wenye mizinga, wavutaji hawatajwi.

Mbona zamani tagi zetu zilikuwa na kazi nyingi kuliko sasa? (Makorora)

Kwa sababu gatini maji yalikuwa machache. Meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari, tagi ikayavuta kwenda na kurudi. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli kubwa zinafunga gatini. Tagi inazisogeza tu zikae sawa.