Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Linux Inapogoma

Barua nne tulizochagua safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini kila mmoja ameelezwa jambo lile lile: mfumo umeharibika, upigwe upya. Katika barua tatu kati ya hizo ushauri huo haukuhitajika, na ungemgharimu mwenye kompyuta kazi zake bila kugusa chanzo cha tatizo. Barua tumezifupisha.

Kompyuta ya ofisi yetu ya taaluma inatumia Linux Mint. Umeme ulikatika tukiwa tunaingiza alama za wanafunzi, na uliporudi kompyuta ilibaki na skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ambayo mwisho wake ni `(initramfs)` na alama inayopepesa. Je, alama zetu zimepotea? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Kwa maelezo yako, Mwalimu, kuna uwezekano mkubwa kwamba diski ni nzima na faili zako zipo. Umeme unapokatika ghafla, kuna taarifa ambazo mfumo ulikuwa bado haujamaliza kuziandika kwenye diski. Mint, usipoiagiza vinginevyo, hupanga faili kwa utaratibu unaoitwa ext4, ambao kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili huandika kwanza mabadiliko hayo mahali maalumu, ili kazi ikikatizwa iweze kukamilishwa au kutupwa bila kuacha vurugu. Mara nyingi ukarabati huo hufanyika kompyuta inapowaka, wala hutambui. Mara chache mfumo hukuta kasoro ambayo hauthubutu kuirekebisha bila idhini ya binadamu, na hapo ndipo unaposimama kwenye `(initramfs)` na kukusubiri.

Andika `exit` kisha ubonyeze Enter. Maandishi yatajitokeza tena, na kati yake utaona mstari unaofanana na huu: `/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`. Maana yake ni kwamba sehemu ya diski iitwayo `sda2` ina mpangilio usiolingana, na unatakiwa uendeshe ukaguzi wewe mwenyewe. Jina kwenye skrini yako linaweza kuwa `sda1` au `nvme0n1p2`. Litumie hilo la kwako, si hili la gazetini. Andika `fsck -y /dev/sda2`, ambapo `-y` inajibu ndiyo kwa kila swali la ukarabati, kwa kuwa maswali hayo yanaweza kufika mamia. Kazi ikiisha andika `reboot`, nayo ikikataa, andika `exit`.

Alama mlizokuwa mmekwisha kuzihifadhi zina nafasi nzuri sana ya kuwa salama. Zile zilizokuwa zikiandikwa dakika ile ile zinaweza kuwa zimepotea, ingawa LibreOffice ikifunguliwa huuliza kama ungependa kurejesha waraka uliokatizwa, nawe ukubali. Vipande vya faili vilivyopoteza majina huwekwa kwenye folda ya `lost+found`, iliyo juu kabisa ya sehemu hiyo ya diski.

Kuna hali moja ambayo usiendeshe `fsck` kwanza, nayo ni pale diski inapogongagonga kwa ndani au skrini inapojaa mistari yenye maneno `I/O error`. Diski inayokufa haivumilii ukarabati. Washa kompyuta kwa flashi yenye Mint, nakili faili zako kwenye diski ya nje, ndipo uendelee na mengine. Hata kama hakuna dalili hizo, kompyuta ikishawaka vizuri nakuomba usakinishe kifurushi cha `smartmontools` na uendeshe `sudo smartctl -a /dev/sda` (`sudo` huipa amri mamlaka ya msimamizi wa mfumo). Kwa diski za kawaida za SATA, tazama mstari wa `Reallocated_Sector_Ct` na ule wa `Current_Pending_Sector`, na hasa namba iliyo mwisho wa kila mstari. Ikiwa ni sifuri, vizuri. Ikiwa imepanda na inaendelea kupanda wiki hadi wiki, tafuteni diski nyingine kabla ya mitihani. Na iwapo umeme ulikatika kompyuta ikiwa inajisasisha, maliza kwa `sudo dpkg --configure -a`, amri inayokamilisha usakinishaji ulioachwa njiani.

Kwa ofisi inayotunza alama za shule nzima, UPS ndogo inayotoa dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu ni matumizi ya fedha ninayoyatetea mbele ya kamati yoyote.

Mimi ni mpiga picha za harusi. Jana nilinakili video nyingi kwenye kompyuta yangu yenye Mint. Leo nikiandika neno la siri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha narudishwa pale pale pa kuandikia neno la siri. Nina hakika halijakosewa, kwa kuwa nikilikosea kwa makusudi inaniambia nimekosea. (Arusha)

Jaribio lako la kukosea kwa makusudi limetusaidia kuliko unavyodhani. Linaonyesha kwamba neno la siri linapokelewa, dawati (skrini ya kazi yenye aikoni na madirisha) linaanza kufunguliwa, kisha linaanguka. Kwa hiyo tatizo halipo mlangoni, bali ndani, na kumbukumbu ya video zile inanifanya nianze na nafasi ya diski.

Ukiwa hapo pa kuandikia neno la siri, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini ya maandishi matupu inayokuuliza jina na neno la siri. Usishtuke ukiona unapoandika neno la siri hakitokei kitu, hata nyota. Ukishaingia, andika `df -h /`. Ukiona asilimia 100 chini ya `Use%`, umepata jibu: dawati linahitaji kuandika faili kadhaa ndogo linapofunguka, na likikosa pa kuziandika linafunga. Wewe bado unaweza kuingia kwa maandishi na kufanya usafi, kwa sababu ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu (`root`), na programu za kawaida haziruhusiwi kuigusa.

Anza na `sudo apt clean`, ambayo hufuta faili za vifurushi zilizopakuliwa na kubaki kwenye diski, bila kuondoa programu zilizosakinishwa, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, ambayo hupunguza kumbukumbu za mfumo hadi takriban megabaiti 200. Nafasi hiyo kwa kawaida hutosha dawati kufunguka. Baada ya hapo tafuta mlaji mkubwa kwa `sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`, amri inayopanga folda kuanzia ndogo hadi kubwa, hivyo mistari ya kuangalia ni ile ya chini, ukiuacha wa mwisho kabisa ambao ni jumla ya yote. Kwa mpiga picha, ninawashuku wawili. Wa kwanza ni pipa la taka, kwa sababu video uliyoifuta kwa kipanya haijaondoka, imehamia `~/.local/share/Trash` na inakula nafasi ile ile. Wa pili ni Timeshift, programu inayokuja na Mint kwa ajili ya kuhifadhi nakala za mfumo, ambayo huziweka kwenye folda ya `/timeshift`. Tafadhali usiingie humo na kuanza kufuta kwa `rm`. Ziorodheshe kwa `sudo timeshift --list`, kisha ondoa za zamani kwa `sudo timeshift --delete` ukifuata maelekezo yatakayotokea, na ubakize walau moja ya karibuni.

Ikiwa `df` itaonyesha nafasi tele, kagua jambo la pili kwa `ls -l ~/.Xauthority`. Faili hiyo inapaswa kuwa mali yako. Ukiona jina la `root` mahali pa jina lako, andika `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`, kisha uwashe upya. Hali hiyo huwapata wanaofungua programu za dawati kwa kutanguliza `sudo` kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), tabia ambayo ningependa kila msomaji aiache.

Nina Windows na Ubuntu kwenye kompyuta moja. Kila nikitoka Ubuntu na kuingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu kamili. Pia diski ya D, ambayo ni ya Windows, Ubuntu inanifungulia kwa kusoma tu. Nimeambiwa ni virusi. (Mwanafunzi, Mombasa)

Si virusi, ndugu yangu, na hizo saa tatu kamili ndizo ushahidi. Kwenye ubao mama kuna saa inayoendelea kutembea hata kompyuta ikizimwa. Ubuntu huandika humo saa ya kimataifa, yaani UTC, kisha inapokuonyesha huongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Windows huamini kwamba kilichoandikwa humo tayari ni saa ya mahali ulipo. Ikiwa Mombasa ni saa tatu usiku, Ubuntu huacha humo saa kumi na mbili jioni, na Windows hukuonyesha hiyo hiyo ilivyo. Ukiwa Ubuntu andika `timedatectl set-local-rtc 1`, nayo itafuata desturi ya Windows. Ukiandika `timedatectl` peke yake baadaye utaona onyo kwamba mpangilio huo huleta shida mahali ambapo saa husogezwa mbele na nyuma kufuata majira ya mwaka. Kenya haisogezi saa, kwa hiyo onyo hilo halikugusi; msomaji wetu aliye Ulaya ni afadhali aielekeze Windows itumie UTC.

Saa ikirudi nyuma miaka, na si saa tatu, hapo shughulikia betri ya ubao mama, ambayo kwa kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara iitwayo CR2032. Dalili yake nyingine ni kivinjari kulalamikia vyeti vya usalama vya tovuti zote kwa wakati mmoja.

Kuhusu diski ya D, tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida si kuzima kikamilifu. Mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake ili uwahi kuwaka, na huiacha diski na alama kwamba bado inatumika, nayo Ubuntu kwa busara hukataa kuandika juu yake. Ukiwa Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`, kisha uzime. Kuna watakaokuelekeza ulazimishe kuifungua kwa `remove_hiberfile`. Usikubali, kwa kuwa njia hiyo hutupa kazi yoyote iliyokuwa imelazwa humo.

Nikijifunza kutengeneza tovuti, nilipata jibu la `Permission denied` kwenye `/var/www/html`. Nikaandika `sudo chmod -R 777 / var/www/html`. Sasa `sudo` haifanyi kazi kabisa. (Mwanafunzi, Bukavu)

Tazama nafasi iliyo baada ya mkwaju (`/`) wa kwanza. Kwa sababu yake, `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, ilisoma mahali pawili, na pa kwanza ni `/`, yaani mfumo wote. Amri ya `rm` ina kinga inayoizuia kufuta `/` usipoilazimisha, lakini `chmod` haina kinga hiyo isipoombwa. Ujumbe unaoupata bila shaka unasema kwamba `/usr/bin/sudo` ni lazima iwe na `setuid bit`. Ruhusa hiyo maalumu, inayoiwezesha `sudo` kutenda kwa niaba ya mtumiaji mkuu, imefutwa na 777.

Kwako wewe kupiga mfumo upya ni ushauri sahihi. Maelfu ya faili yalikuwa na ruhusa tofauti, na hakuna mahali zilipoorodheshwa zote ili zirudishwe. Nakala ya Timeshift itakuokoa ikiwa tu ilikuwa kwenye diski ya nje ambayo haikuwa imechomekwa saa ile, kwa maana iliyokuwa ndani nayo imebadilishwa. Washa kwa flashi, nakili kazi zako zote zilizo ndani ya `/home`, kisha sakinisha.

Ukishazirudisha, ruhusa zake huenda bado ziko wazi kwa kila mtu, na funguo zako za SSH (za kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali) zitakataliwa kwa sababu hiyo. Ingia kwenye folda yenye kazi hizo, hakikisha kwa `pwd` kwamba ndipo ulipo, kisha andika `find . -type d -exec chmod 700 {} +` na baada yake `find . -type f -exec chmod 600 {} +`. Ya kwanza hushughulikia folda, ya pili faili. Programu ulizoandika mwenyewe zitahitaji kurudishiwa ruhusa ya kuendeshwa, moja moja, kwa `chmod u+x`. Na kwa ile tovuti yako, amri uliyokuwa ukiihitaji tangu mwanzo ni `sudo chown -R $USER /var/www/html`, bila nafasi yoyote ndani ya anwani hiyo.