Usiachie USDT kwa sababu ya meseji tu

Unauza USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu huuziana wao kwa wao, na jukwaa huzishikilia mpaka wewe uziachie. Umeuliza kama uziachie maadamu mnunuzi ameshatuma picha ya muamala wa M-Pesa. Hapana, usiachie. Picha hutengenezwa kwa dakika mbili, na hata meseji yenyewe hughushiwa. Piga *334# kama uko Kenya (Tanzania ni *150*00#) uangalie salio la M-Pesa. Kama halijaongezeka, hela haijaingia, hata akikwambia mtandao unasumbua.

Likiongezeka, bado kuna kazi: linganisha jina la aliyetuma na jina lililothibitishwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Hapa ndipo wengi huumia. Akisema "nimetumia simu ya mke wangu", yawezekana aliyetuma ni mtu mwingine kabisa anayetapeliwa muda huohuo: kaambiwa analipia simu ya bei poa, kapewa namba yako. Huyo aliyetapeliwa akilalamika, pesa inaweza kuzuiwa na anayetafutwa ni wewe mwenye laini, huku USDT zimeshakwenda, na muamala wa USDT ukithibitishwa haurudishwi. Majina yasipolingana, fungua malalamiko kwa jukwaa kwenye oda hiyohiyo ya mauzo, weka ushahidi wa jina lililotuma. Ukiamriwa kurudisha pesa, irudi kwenye namba ileile iliyotuma, si "namba yangu nyingine".

Na mnunuzi akikuvuta WhatsApp mmalizie huko ili mkwepe ada, kataa. Nje ya oda hakuna anayezishikilia USDT zako mpaka ulipwe.