Kitabu kimoja kwa mwaka wa kwanza: tafuta kinachozua ubishi

Ukikabidhiwa kazi ya kuchagua kitabu kitakachosomwa na mwaka wa kwanza wote, jiandae kupokea ushauri usiouomba. Mmoja atataka kitabu "chenye maadili". Mwingine atakuletea cha namna ya kutajirika kabla ya miaka thelathini. Wasikilize wote kwa adabu, kisha fanya unavyojua.

Nimeratibu usomaji wa namna hii kwenye chuo kimoja hapa Dar, na kipimo changu ni kimoja: je, watu wawili wenye akili zao wanaweza kukimaliza kitabu hiki na bado wakabishana? Kitabu ambacho kila mtu anakubaliana nacho hakimalizi dakika kumi za mjadala. Baada ya hapo watu wanaangalia simu.

Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wapya kitabu kimoja wakisome kabla hata ya kuripoti. Wazo ni zuri, ila sisi tuna jambo letu. Mwanafunzi wetu hafiki chuoni akiwa mgeni wa riwaya. Amezisoma, lakini kwa ajili ya mtihani. Mtajie Watoto wa Mama N'tilie, atakumwagia fani na maudhui bila kuvuta pumzi: dhamira, wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi. Wapo waliozikariri hizo kutoka kwenye notsi za uchambuzi, riwaya yenyewe hawakuifungua. Kwa hiyo kitabu kilichowahi kuwa cha kidato kiache, hata kiwe kizuri namna gani. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi naipenda sana, na siipendekezi kabisa kwa kazi hii. Ukiileta, umewarudisha darasani wakiwa na sare.

Kilichonifaa kuliko vyote ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa 2022 na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapa hapa Dar. Faida yake ni kwamba kila mtu anachagua lugha anayoiweza. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Hapo tu ugomvi umeanza. Kijana wa sheria alimshukia yule tajiri. Binti wa uhasibu akasema hapana, mwenye kesi ya kujibu ni baba. Na uamuzi wa Yusuf ukurasa wa mwisho uliwagawa kuliko Simba na Yanga. Hakuna aliyetaja dhamira.

Kama muda ni mfupi, Kusadikika ya Shaaban Robert inatosha: kurasa hazifiki mia, na kesi ya Karama, mhusika mkuu anayeshtakiwa, inamvuta hata mwanafunzi wa uhandisi anayedai hasomi hadithi. Lugha yake inahitaji subira kidogo. Waambie mapema.

Sasa pesa, maana hapa ndipo mipango mingi hufia. Bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, huweza kuchelewa, na likifika lina kodi ya chumba na deni la mama ntilie. Ukimwambia kila mmoja anunue, watakwenda stesheneri kutoa kopi kitabu kizima, jambo ambalo si halali na linamwumiza mchapishaji tunayemhitaji mwakani. Omba chuo kinunue nakala kadhaa, nyingine zikae maktaba, nyingine zizunguke kwa vikundi vya watu watanowatano. Zungumza na mchapishaji moja kwa moja kabla hujaenda dukani. Anayenunua nyingi ana nafasi ya kuomba punguzo.

Vikao viwe saa tisa alasiri, katikati ya wiki. Ijumaa wengi wana mambo yao, na anayerudi Mbagala au Gongo la Mboto akikosa daladala ya mapema hutamwona tena kikao kijacho. Anayeongoza asiwe mwalimu wa fasihi, naomba wanisamehe. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekisoma kitabu mwaka jana na hakukipenda.