Alikuwa hakosi tatu bora, sasa kila Jumatatu anaumwa tumbo

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza shule ya kata hapa Morogoro. Darasa la saba alikuwa hakosi tatu bora. Muhula huu ameshika nafasi ya 71 kati ya 96, na ripoti nimeikuta kaificha chini ya godoro. Jumapili jioni anaanza kulalamika tumbo, Jumatatu kumwamsha ni vita. Nimemnyang'anya simu, hakuna kilichobadilika. Baba yake anasema ni uvivu na mambo ya wavulana, apelekwe bweni. Nifanyeje? – Mama Binti*

Marahaba, Mama Binti, na pole.

Tumbo kwanza. Mpeleke kituo cha afya apimwe, hata kama moyoni unaamini anadeka. Wakikwambia hana ugonjwa, usirudi nyumbani ukamwita mwongo. Hofu huuma tumbo kwelikweli, na maumivu yanayokuja Jumapili jioni na kupoa Ijumaa yanakuelekeza yanakotoka.

Sasa hiyo nafasi ya 71. Mwanao amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari akavaa sketi mpya, na karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Shule nyingi huwapa wiki chache za kuzoea lugha, lakini miaka saba haifidiwi kwa wiki chache. Mwalimu anajaza ubao, watoto wananakili. Akiuliza swali, darasa zima linatazama madawati, maana atakayekosea atachekwa. Wanaokariri haraka wanaponea hapo. Aliyezoea kuelewa kwanza ndiye anayeumia zaidi, na wa kwako nadhani ni wa namna hiyo.

Usiniamini mimi, mjaribu. Chukua daftari lake la Baiolojia, fungua palipochorwa seli, mwambie akufundishe kwa Kiswahili kila sehemu inafanya kazi gani. Usimsahihishe. Akitiririka na kiini na utando wa seli na kazi ya kila kimoja, basi akili iko palepale ulipoiacha darasa la saba. Kisha mwombe arudie kwa Kiingereza sentensi mbili tu, hata za kuungaunga. Fanyeni hivyo kila jioni kwa somo moja, dakika kumi na tano zinatosha. Wewe huhitaji kujua Kiingereza. Kazi yako ni kusikiliza na kutocheka. Mtafutie na kitabu chembamba cha hadithi cha Kiingereza, hata kile cha shule ya msingi. Atasema ni cha watoto. Mwache aseme, asome.

Lakini huenda lugha siyo yote. Usimkalishe kwenye kiti umwulize "kwa nini umefeli?", utapata "sijui", na hapo ndipo mabinti wa umri huo hujifunga. Mngojee mkiwa mnachambua mchele au mnaosha vyombo, macho yakiwa kwenye kazi. Uliza anakaa na nani darasani, na mtu akijibu vibaya inakuwaje. Uliza pia habari za njiani, wale wa bodaboda na lifti zao za bure. Akikutajia mtu mzima anayemsumbua au kumgusa, usimgombeze na usimalize kifamilia. Nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo.

Akisema anachapwa kwa kukosea Kiingereza au kwa kuongea Kiswahili, nenda shuleni. Nenda kwa adabu, lakini nenda. Kanuni za serikali zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe daftarini. Kukosea kujibu swali hakumo humo. Hata kama hakuna viboko, onana na mwalimu wa darasa, na uulize mwalimu wa ushauri nasaha ni nani.

Simu mrudishie kwa saa maalumu. Ina kamusi, nayo anaihitaji. Usiku ilale chumbani kwenu, maana mtoto wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na anayeamka saa kumi na moja alfajiri hawezi kuzipata akilala saa sita.

Na baba yake. Simkatalii kwamba wavulana wapo, wapo kila mahali, hata jirani na bweni. Ila kumhamisha sasa ni kumpeleka akalie Kiingereza kilekile mbali na mama. Mwombe akupe hadi mwisho wa mwaka. Upimaji wa taifa ni kidato cha pili, na anayeshindwa hurudia darasa, kwa hiyo muda bado mnao. Jioni moja mwache baba akae yeye na lile daftari la Baiolojia, afundishwe seli na binti yake, kisha mzungumzie bweni.