Gesi ya karavani kukaa winta nzima

Kaka, umeuliza kama mtungi wa gesi uliobaki kwenye karavani (kile kinyumba cha kuvutwa na gari) hapo Uingereza utaharibika ukikaa mpaka Aprili. Gesi yenyewe haiozi, hata ikae miaka, kinachochoka ni mpira unaopitisha gesi na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi, kwa hiyo cheki tarehe iliyochapwa kwenye mpira na ukiukunja ukaona nyufa, tupa. Funga valvu, toa regyuleta, weka mtungi nje umesimama penye hewa, na tafadhali sana usiushushe stoo ya chini ya nyumba, gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama huko chini inasubiri cheche tu. Halafu gesi za mitungi ni aina mbili, biuteni na propeni; kama yako ni biuteni ikigoma kutoka baridi ikifika sifuri ujue haijaisha, propeni ndo ya winta.