Dunia "inapunguza mwendo" au "inapungua kasi"? Na hiyo sekunde ya kuruka inaruka nini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi natafsiri makala za sayansi, juzi nimepewa moja inayosema dunia inazunguka taratibu kuliko zamani na ndo maana saa zinaongezwa sekunde. Nikaandika hivi: 'Mzunguko wa dunia unapungua, kwa hiyo kila baada ya muda inawekwa sekunde ya kuruka.' Mhariri kanirudishia, pembeni kaandika 'haieleweki'. Mimi naona iko sawa kabisa. Nimekosea wapi?"

Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kutafsiri sayansi manake wengi wanaikimbia hiyo kazi. Mhariri wako yuko sahihi, ila kuandika "haieleweki" halafu akanyamaza hakukusaidia chochote, kwa hiyo hebu tuifungue sentensi yako neno kwa neno. Utaona shida sio Kiswahili kukosa maneno, shida ni kwamba maneno uliyoyachukua yamekwenda kusema kitu kingine.

Anza na mzunguko. Hili neno tunalituma kazi nyingi mno. Dunia ikijizungusha yenyewe kama pia ya mtoto tunasema mzunguko, ikilizunguka jua mwaka mzima nako tunasema mzunguko, damu mwilini mzunguko, fedha mzunguko, sasa we ukiandika "mzunguko wa dunia unapungua" msomaji ana haki ya kuuliza ni upi huo na umepungua nini, urefu, idadi au kasi? Kuna atakayeelewa kwamba dunia inalisogelea jua na njia yake inakuwa fupi, na hapo umeshampoteza. Dawa iko ndani ya kitenzi chenyewe, viambishi viwili vidogo tu: dunia inajizungusha, dunia inalizunguka jua. Ji na li, basi, ugomvi umeisha. Ukitaka kukaza zaidi malizia na "kwenye mhimili wake" na hakuna mtu atakayechanganya siku na mwaka.

Ila nisikufiche, kuna namna moja ambayo neno lako lingesimama, nayo ni ukiliweka kwenye wingi. "Mizunguko ya dunia kwa mwaka imepungua" ni sentensi sahihi na ni ukweli mtupu. Matumbawe ya baharini yanakua kwa kujiongezea tabaka jembamba kila siku, na ile mistari inabaki hata yakishageuka mawe. Mwaka 1963 mwanasayansi John Wells aliihesabu kwenye matumbawe ya kale, ya miaka karibu milioni 400 iliyopita, akakuta mwaka mmoja una mistari kama 400. Mwaka wenyewe haukuwa mrefu kuliko wetu, siku ndo zilikuwa fupi, kila moja kama saa 22 hivi. Mimi hii habari kila nikiisoma nasimama kwanza, manake ni jiwe lile, lakini limetutunzia hesabu ya siku ambazo hakukuwa na mtu wa kuzihesabu.

Twende kwenye kupungua sasa. Watu wengi wanaandika "dunia inapunguza kasi" au "inapunguza mwendo". Sikatai, imeshazoeleka, lakini isikilize vizuri. Dereva anapunguza mwendo akiona tuta, yaani kaona, kaamua, kakanyaga breki. Kupunguza kunataka mtendaji, na dunia haijaamua kitu, yenyewe inapunguzwa, na anayeipunguza anajulikana, ni mwezi kwa kupitia maji ya bahari. Mwezi unayavuta maji, bahari inavimba upande unaouelekea mwezi na upande wa pili pia, ndo tunapata maji kujaa na kupwa. Sasa kwa kuwa dunia inajizungusha haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, inauburuta ule uvimbe wa maji mpaka unautangulia mwezi kidogo, na mwezi nao unauvuta urudi nyuma, na katika mvutano huo, maji yakisuguana na sakafu ya bahari, dunia inapoteza kasi kidogo kidogo. Mwanafalsafa Immanuel Kant alishalidokeza jambo hili tangu 1754. Na mwezi unafaidika, wenyewe unasogea mbali na sisi kama sentimita 3.8 kila mwaka, tunajua hivyo kwa sababu wanaanga wa Apollo waliacha vioo kule kuanzia 1969 na mpaka leo watu wanapiga mwanga wa leza unaenda unarudi, wanapima.

Kwa hiyo mimi ningependa useme "dunia inapungua kasi", kama tunavyosema mtu amepungua uzito, hajafanya kitu ila uzito umetoka. Au "inapungukiwa na kasi", kama mgonjwa aliyepungukiwa damu, hii ni nzito kidogo lakini inabeba ile hali ya kitu kumtoka mtu bila kupenda. Na ukiona zote hazikai mdomoni mwako andika tu "kasi ya dunia inapungua", hiyo haimkwazi mtu.

Haya, na hiyo -na- ya "inapungua". Hapa ndo wengi hawaangalii kabisa. -na- inasema sasa hivi, tunapozungumza. Kwa mahesabu ya muda mrefu, yaliyotokana na kumbukumbu za kupatwa kwa jua na mwezi za Babiloni na China ya kale, siku inarefuka kwa chini kidogo ya milisekunde 2 kila miaka 100. Milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mafungu elfu, kwa hiyo ni kitu kidogo sana. Lakini ndani ya safari hiyo ndefu kuna kupanda na kushuka, upepo mkubwa wa angani unaigusa kasi, chuma kilichoyeyuka ndani ya kiini cha dunia nacho kinaigusa, na kuanzia 2020 dunia imekuwa ikienda haraka kidogo kuliko miaka ya nyuma yake, tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa pungufu kwa milisekunde 1.66 ukilinganisha na saa 24 kamili. Sasa mtu akisoma "inapungua" halafu kesho akasoma kwamba siku zimekuwa fupi atasema wanasayansi hawaeleweki, kumbe kosa ni la kitenzi. Andika "imekuwa ikipungua tangu enzi na enzi" na umeshajiokoa, manake -me- ya mwanzo na -ki- ya ndani zinachukua safari yote na hazidai kwamba hata dakika hii inapungua.

Kwenye hilohilo la urefu, angalia pia neno siku, ingawa we hukulitumia. Ukiandika "siku zinarefuka" wengi wataelewa mchana unarefuka, jua linachelewa kuzama, kama inavyokuwa kwenye majira fulani ya mwaka. Hiyo ni habari ya dunia kuinama, haihusiani na kasi. Andika "siku nzima, usiku na mchana".

Sasa tufike kwenye sekunde ya kuruka, na hapa niruhusu nikae kidogo kwa sababu hili jina linaniuma.

Zamani sekunde ilikuwa mtoto wa siku. Unachukua siku ya jua unaigawa mara 86,400, kipande kimoja ndo sekunde, wazee wetu waliita nukta. Mwaka 1967 mambo yakageuzwa, sekunde ikapewa maana mpya inayotokana na atomi ya sizimu, aina ya metali, mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wake, yaani mionzi yake, ndo sekunde moja, na haijali jua limefika wapi. Ila kipimo hicho kilirithi urefu wa siku za zamani, za mnamo mwaka 1820, na tangu hapo dunia imepungua kasi, kwa hiyo siku ya jua ikawa inazidi zile sekunde 86,400 za atomiki. Chukua mfano inazidi kwa milisekunde 2. Leo 2, kesho 2 zingine, baada ya siku 500 umeshafikisha sekunde nzima. Angalia vizuri hapo, watu wanadhani sekunde inaongezwa kwa sababu dunia imepoteza kasi ya sekunde nzima, hapana, inaongezwa kwa sababu tofauti ndogo inajikusanya kila siku, kama saa ya ukutani inayochelewa kidogo kila siku mpaka unalazimika kuirekebisha. Tofauti ni kwamba hapa inayochelewa ni dunia, na inayorekebishwa ni saa.

Kuanzia 1972 ikakubaliwa saa za dunia zisiachane na jua kwa zaidi ya sekunde 0.9, na tofauti ikikaribia hapo inaongezwa sekunde moja, mwisho wa Juni au mwisho wa Desemba. Mpaka sasa zimeongezwa 27, ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba 2016. Inaongezwaje? Saa ya kawaida ikifika 23:59:59 inaenda 00:00:00. Usiku ule ilitoka 23:59:59 ikaenda 23:59:60, ndo ikaja 00:00:00. Yaani saa tano na dakika hamsini na tisa usiku na sekunde SITINI, namba ambayo kwenye saa huwa hufiki, ukifika hamsini na tisa unaanza upya. Kompyuta nyingi hazikufundishwa kwamba namba hiyo ipo, na sekunde ya Juni 2012 iliiangusha mitandao kadhaa mikubwa, Reddit ikiwemo.

Sasa niambie, hapo kuna kitu gani kimeruka? Hakuna. Kimeongezwa. Kwa Kiswahili ukiruka mstari maana yake hukuusoma, ukiruka darasa hukulisoma, namba ikirukwa haikuitwa. Msomaji akiona "sekunde ya kuruka" anaelewa sekunde imeachwa, yaani kinyume kabisa cha kilichotokea. Neno hilo limebebwa mzimamzima kutoka Kiingereza, "leap second", ambako lilitokana na mwaka wenye siku 366, manake mwaka huo tarehe zinaruka siku moja ya wiki, na sekunde ikapewa jina hilohilo kwa kufananisha tu. Lakini sisi ule mwaka hatukuuita mwaka wa kuruka. Tuliuita mwaka mrefu, tukatazama kitu chenyewe, una siku moja zaidi basi ni mrefu.

Na hapo Kiswahili kimeshakupa njia, fuata njia hiyohiyo. Mwaka wenye siku 366 ni mwaka mrefu, basi dakika yenye sekunde 61 ni dakika ndefu, na ile ya 61 ndani yake ni sekunde ya nyongeza. Msomaji ambaye hajawahi kusikia habari hizi ataelewa mara moja, huhitaji hata kumfafanulia.

Na kuna sababu nyingine ya kulitunza neno kuruka usilimalizie hapa. Kwa kuwa dunia imeongeza kasi miaka hii, wataalamu wanazungumzia uwezekano wa kufanya kinyume chake, kuondoa sekunde, saa itoke 23:59:58 iende moja kwa moja 00:00:00. Haijawahi kufanyika hata mara moja. Ikifanyika, ile 59 ndo itakuwa imerukwa kwelikweli, hiyo ndo utaiita sekunde iliyorukwa na dakika yake dakika fupi. Ukishaliita la kwanza kuruka, hili la pili utaliita nini? Inawezekana pia yote yakabaki historia, manake mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba ifikapo 2035 ile tofauti inayoruhusiwa kati ya saa na jua iongezwe, isibaki sekunde 0.9 tena, ili saa zisiguswe mara kwa mara. Lakini hata historia inatafsiriwa na inataka majina yake sahihi.

Dokezo dogo kwa makala yako inayobaki: neno saa. Kwetu saa ni chombo, ni dakika sitini, na ni wakati wenyewe, "saa ngapi". Ukiandika "saa ya atomiki" kuna sehemu msomaji atadhani ni aina ya saa ile ya dakika sitini. Mara ya kwanza andika "saa inayoendeshwa na mitetemo ya atomi", ukishamzoesha endelea na fupi. Na saa inayobaki nyuma "inachelewa", inayotangulia "inakimbia", usiandike saa "ya polepole", saa sio konokono wala sio mtu.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi, we ipunguze utakavyo: "Kasi ya dunia kujizungusha kwenye mhimili wake imekuwa ikipungua tangu enzi na enzi, siku nzima ikawa inazidi kidogo saa 24 za atomiki, na ili saa zisiachane na jua, tangu 1972 zimewekwa sekunde za nyongeza 27." Mpelekee mhariri hiyo, na akikurudishia tena mwombe akuandikie ni neno gani hasa hakulielewa.