Paa la nani?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mwezi uliopita jengo letu la fleti 12 liliungua paa na ghorofa ya juu. Mimi niko chini kabisa. Moto haukunifikia, ila maji ya zimamoto yalishuka mpaka dari yangu ikaanguka. Bima ya jengo ni moja, ya wote. Baadhi ya wenzangu wanataka hundi ikija tugawane sawa kwa sawa, kila mtu akatengeneze kwake. Wa juu wanadai paa kwanza, tena nami nichangie paa ambalo sijawahi hata kulipanda. Nifanyeje?
Wa Chini

JIBU: Marahaba, Wa Chini. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji hasara, yaani mtu anayepima hasara ya madai ya bima, na ugomvi wa hundi nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Paa ni lako. Kwa kawaida paa, kuta za nje, msingi, ngazi na mabomba makuu ni mali ya wote. Soma hati yako ya umiliki na katiba ya chama chenu cha wamiliki wa fleti. Hundi nayo huandikwa kwa jina la chama, maana ndicho kilichokata bima, na fleti zilizowekwa rehani benki, huenda benki nayo ikataka kusikilizwa. Mkigawana mtaishia na gofu lenye sebule nzuri.

Ila hujaniambia jambo kubwa: jengo lilikatiwa bima ya kiasi gani? Kamati nyingi huandika bei ya kununulia au hurudia tarakimu ya miaka kumi iliyopita. Kinachotakiwa ni gharama ya kulijenga upya leo, pamoja na kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Tuseme kulijenga upya ni milioni 100, nanyi mlikata bima ya milioni 60. Hasara ikiwa milioni 30, mikataba mingi haitawapa 30. Itawapa asilimia 60 ya hiyo, yaani 18, kwa kuwa bima yenu ilifikia asilimia 60 tu ya gharama ya kujenga upya, kisha ikate na kile kiasi cha mwanzo mnachobeba wenyewe. Zile 12 zinazopungua ndizo mnazogombania bila kujua, na hugawanywa kwa hisa zilizo kwenye hati, si lazima sawa kwa sawa. Kwa hiyo msipige kura ya kujenga au kuuza kabla mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima gharama za ujenzi, hajawapa tarakimu kwa maandishi.

Kuhusu dari yako: maji yaliyozima moto kwa kawaida huhesabiwa kuwa hasara ya moto huohuo. Hakikisha fleti yako imo kwenye madai ya chama. Makabati uliyoongeza mwenyewe yanaweza kuachwa nje. Samani ni za bima yako binafsi, kama unayo. Kama bado kuna unyevu, piga picha kisha kausha leo, kwani kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na bima hukwepa hasara iliyoongezwa na uzembe. Tunza kipande cha dari. Mama mmoja aliniletea cha kwake kwenye mfuko, kina mistari ya maji, tukamaliza ubishi wa wiki mbili palepale.

Katibu akileta karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", asisaini mtu mpaka fundi apande akague mbao zilizobaki. Nyingine huonekana zimebabuka nje tu, kumbe ndani zimeliwa, na mkishasaini, hizo ni zenu.